Seti ya kukunja protini kwa mikono, baada ya miezi minane

Nianze na jibu kwa wanaotaka jibu tu. Kama unafundisha baiolojia kidato cha tano na sita, na laki mbili zinaweza kutoka bila nyumba kuyumba, nunua. Kama haziwezi, soma mpaka chini, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya seti hii inafanywa pia na waya wa umeme na vizibo vya chupa, na vipimo nitakupa vyote. Lakini kuna jambo moja ambalo seti hii imelifanya mezani kwangu, ambalo ubao na skrini havikuwahi kulifanya kwa miaka 17 niliyofundisha. Kwa jambo hilo peke yake sijutii hata shilingi.

Mimi ni mwalimu, nipo Tanga. Kwa miaka hiyo yote nimefundisha protini kwa chaki. Nachora viduara vilivyoshikana kama shanga, kila kimoja ni asidi amino, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa protini, navikunjakunja kwenye kona ya ubao, naandika muundo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wanafunzi wananakili. Mtihani ukija wanajibu, tena wanajibu vizuri. Darasani tunatumia Kiingereza, ila swali la kweli huulizwa kwa Kiswahili, mlangoni, kipindi kikishaisha: "Mwalimu, sasa huo uzi unajuaje pa kujikunja?" Nimeulizwa hivyo kila mwaka, na kila mwaka nimejibu kwa maneno matupu.

Seti ilitumwa na mwanafunzi wangu wa zamani anayesoma Marekani, bei tukagawana. Ukijumlisha na usafiri ilikaribia laki mbili. Ilikaa njiani wiki tano na boksi likafika kona moja imebonyea, ila ndani hakikuvunjika kitu.

Kilichomo ni mrija wa sponji, mnene kama kidole gumba, urefu wa mita moja na kitu, wenye waya katikati. Ukiupinda unabaki ulivyoupinda. Huo ndio uti wa mgongo wa protini. Mwisho mmoja unavaa kofia ya buluu, ndio upande wa amino, mnyororo unapoanzia. Mwisho wa pili unavaa kofia nyekundu, upande wa kaboksili. Kuna vibanio vya chuma vyenye umbo la U vinavyopachikwa kwenye sponji, na vipande 22 vya plastiki, kila kimoja kimechongwa kwa umbo la tawi la asidi amino yake, yaani ile sehemu inayoitofautisha na nyingine. Aina zote 20 zimo. Mbili kati yake, sisteini na histidini, zina kipande cha ziada. Halafu kuna duara la kadi lenye rangi, ambalo ndilo linakuambia kila tawi lina tabia gani. Ya njano yanakimbia maji kama mafuta. Meupe yanapenda maji. Ya buluu yana chaji chanya, mekundu chaji hasi. Ya kijani ni ya sisteini, yanayoweza kushikana wawili wawili kwa salfa.

Kanuni za kukunja zinaenea kwenye kiganja: ya njano yajifiche ndani, meupe yakae nje kwenye maji, jekundu lisogee kwa la buluu, na mawili ya kijani yashikane. Basi. Nikawapa kidato cha tano.

Darasa lina wanafunzi 46 na seti ni moja, kwa hiyo tuliizunguka meza ya maabara, waliokuwa nyuma wamesimama juu ya stuli. Kijana mmoja alikunja akafurahi, akasema tayari. Binti aliyekuwa pembeni akanyoosha kidole: "Na hilo la njano huko nje?" Akaliingiza. Alipoliingiza, jekundu likatumbukia katikati ya ya njano. Akalitoa jekundu, meupe mawili yakafunikwa. Ilikuwa kama mtu anayevuta shuka fupi usiku wa baridi, akifunika miguu mabega yanabaki wazi. Walihangaika dakika ishirini, mikono sita kwa wakati mmoja juu ya mrija ule, na mimi nilikaa kimya kabisa. Mwishowe yule binti akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "Kumbe uzi haujui kitu. Matawi ndiyo yanavutana."

Siku hiyo hakuna aliyenisubiri mlangoni.

Hapo ndipo thamani ya kitu hiki ilipo. Kwenye kompyuta protini imeshakunjwa na mtu mwingine. Unaizungusha, unaikuza, inapendeza, na mwanafunzi anaiangalia kama anavyoangalia picha ya mlima. Sisemi hivyo kwa kuidharau. Programu ya AlphaFold imekadiria maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker anayebuni protini mpya. Ni kazi kubwa sana. Lakini mwanafunzi wangu hakuwepo wakati kompyuta inahangaika. Mrija wa sponji unampa yeye kuhangaika.

Na kuhangaika huko kuna ukoo wake. Mwaka 1948 mkemia Linus Pauling alikuwa Oxford, mafua yamemlaza kitandani. Alichora mnyororo wa protini kwenye karatasi, akaanza kuikunja karatasi yenyewe, akiacha bapa sehemu alizojua hazipindi, na kupinda tu kwenye kaboni zinazobeba matawi, mpaka mnyororo ukajizungusha na hidrojeni zikafika pa kushika. Hiyo ndiyo heliksi ya alfa, mzunguko kama wa springi, asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko, aliyoichapisha na wenzake mwaka 1951. Mwaka 1957 huko Cambridge, John Kendrew na wenzake walipata kwa mara ya kwanza umbo la protini nzima, myoglobini ya misuli ya nyangumi, yenye asidi amino 153, na wakaifinyanga kwa plastisini juu ya vijiti vya mbao. Watu walitarajia kitu chenye mpangilio mzuri kama fuwele, wakaona kitu kimejiviringisha kama utumbo. Vipimo vilipokuwa vizuri zaidi walisimamisha msitu wa fito za chuma zipatazo 2,500, wakapachika klipu za rangi mahali penye elektroni nyingi, na kuupitisha mnyororo humo kwa mkono, atomu baada ya atomu. Kielelezo kilikuwa na ukubwa wa chumba kidogo, karibu mita mbili kila upande. Mwaka 1962 Kendrew alipata Nobel pamoja na Max Perutz, aliyefanya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Wanafunzi wangu nimewaeleza haya wakiwa wameshika mrija, na niliona wanasikiliza tofauti. Walishajua vidoleni kazi ile ilikuwa ya namna gani.

Sasa kasoro, na zipo.

Kubwa kuliko zote ni kwamba seti haikatai makosa. Nilipopinda heliksi yangu ya kwanza niliizungusha kushoto, na mrija ulitii. Heliksi ya protini inazunguka kulia. Ipime hivi: nyoosha dole gumba la mkono wa kulia kufuata uelekeo wa mnyororo unavyosonga, vidole vingine vikikunjika vifuate mzunguko wa waya. Vikifuata, ni sawa, ndivyo zinavyozunguka hata skrubu za kawaida dukani. Karatasi ya maelekezo inalitaja jambo hili kwa sentensi moja, chini kabisa, kwa maandishi madogo. Lilistahili kuwa juu. Hata mchoro wa Pauling na wenzake wa mwaka 1951 ulikuwa umezunguka kushoto, kwa hiyo mwanafunzi akikosea usimcheke, lakini msahihishe siku hiyo hiyo, maana mkono ukishazoea kosa ni kazi kuutoa.

Pili, sponji. Ukiipinda kona kali mara kumi na tano, ishirini, inapasuka kwa ndani ya kona na waya unachungulia. Ya kwangu imepasuka sehemu tatu, nimeifunga kwa solotepu ya fundi umeme. Joto letu la pwani nalo haliisaidii. Niliiacha siku moja dirishani juani, jioni sponji ikawa inanata. Ihifadhi kabatini.

Tatu, vibanio vinabana sana. Kwa watu wazima sawa, ila binti yangu alivunja kucha mbili.

Nne, na hii ndiyo itakayokuudhi siku utakapotaka kujenga protini ya kweli: vipande ni kimoja kimoja. Glutameti ni moja, valini ni moja. Protini halisi haziishi hivyo. Ukitaka insulini huiwezi, kwa sababu mnyororo wake A una asidi amino 21 na B una 30, na sisteini peke yake ni sita, zinazofanya vifungo vitatu vya salfa. Seti inakupa sisteini mbili. Watengenezaji wanauza mifuko ya nyongeza, lakini usafiri utakuwa uleule.

Kwa wasio na hela kabisa, nataja na njia ya karatasi. PDB-101, ambayo ni upande wa elimu wa ile hazina ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba tu, inatoa bure michoro ya kukata na kubandika. Nilichapisha ganda la virusi vya dengue kwenye karatasi ngumu steshenari, kwa rangi, nikawapa wanafunzi mkasi na gundi. Kitu kinachotoka ni kizuri, mpira wenye pande 20, na kwa watu wa Dar waliopitia dengue ya 2014 na 2019 kina maana yake. Protini za juu ya ganda lile ni 180 za aina moja, zimejipanga mbili mbili, na mtoto anayaona hayo akigundisha. Lakini karatasi inafundisha mpangilio tu. Mistari ya kukunjia imeshachorwa, kwa hiyo mwanafunzi haamui kitu. Tumia muda wako kwenye hiyo kama somo ni virusi. Kama somo ni kwa nini protini inajikunja, rudi kwenye mrija.

Nije kwenye lile jambo.

Binti yangu ana miaka 13 na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na mama yake kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yake bila kuumwa, kama ilivyo kwa watu wengi wa pwani yetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kwa nini nakala hiyo imejaa huku pwani na kando ya Ziwa Victoria lakini ni adimu nyanda za juu: mwenye nakala moja ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mwenye mbili anaumwa. Nimelifundisha hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Naandika ubaoni, nafasi ya sita kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini, glutameti imebadilishwa kuwa valini, Vernon Ingram, Cambridge, miaka ya 1956 na 1957. Alama mbili kwenye mtihani. Na nyumbani sikuwahi kumweleza mwanangu sentensi ile, kwa sababu sikujua namna ya kuisema iwe kitu.

Mwezi wa nne alitoka wodini siku ya Alhamisi, baada ya siku tano za maumivu ya mapaja na mgongo. Jumamosi usiku nilikuwa na seti mezani, najiandalia kipindi cha Jumatatu, naye akaja na blanketi lake akakaa.

"Baba, hizo ni nini?"

Nikamwambia ni hemoglobini, mwanzo wake tu, vipande vinane kati ya 146 vya mnyororo mmoja. Tukavipachika pamoja, mimi nikisoma yeye akibana, na hapo ndipo kucha zilipovunjika. Valini, njano. Histidini, buluu. Liusini, njano. Threonini, nyeupe. Prolini, njano. Glutameti, nyekundu. Glutameti tena, nyekundu. Laisini, buluu. Kwa kuwa glutameti ilikuwa moja, ya saba tukaweka kizibo chekundu cha soda, tumekitoboa kwa msumari wa moto. Mekundu mawili yakawa yamekaa jirani, yamechomoza.

"Hii ni ya watu wengine," nikamwambia. Nilisita kidogo kabla ya kuendelea. Kisha nikachomoa lile jekundu la sita, refu lenye oksijeni mbili kwenye ncha, nikachukua valini kule mwanzo na kupachika pale. Valini ni fupi, imegawanyika kama panda ya manati. "Yako iko hivi."

Akaangalia. "Hicho tu?"

"Hicho tu."

Akanichukulia mkononi. Akachomoa la njano, akarudisha jekundu. Akaangalia. Akachomoa jekundu, akarudisha la njano. Alifanya hivyo mara nne au tano, taratibu, bila kusema neno, na kila mara kibanio kililia kidogo. Hemoglobini nzima ina minyororo minne, alfa mbili za asidi amino 141 na beta mbili za 146, jumla 574. Mbili tu kati ya hizo zimebadilika kwake. Nilimwambia na hilo. Akasema, "Mimi nilidhani damu yangu yote ni mbovu."

Nimefundisha selimundu miaka 17 na hakuna siku niliyofikiri kwamba mgonjwa anaweza kuwa anaamini hivyo. Alikuwa anaamini hivyo nyumbani kwangu.

Ndipo akauliza la pili, ambalo seti ilishindwa kulijibu. "Sasa hicho kimoja kinafanyaje mpaka miguu iniume?" Nilimjibu kwa ngumi. Nikafanya ngumi moja iwe hemoglobini yenye kidoto cha njano kinachochomoza, na mkono mwingine nikaufanya uwe hemoglobini ya jirani yenye shimo. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, kwenye mnyororo wa beta kunakuwa na mfuko mdogo wenye mafuta, kati ya fenilalanini ya 85 na liusini ya 88. Glutameti haiutaki mfuko huo, inapenda maji. Valini inaingia humo kama imetengenezewa. Hemoglobini moja inamshika jirani, jirani anamshika jirani yake, zinakuwa kamba ndefu ndani ya chembe ya damu, chembe inavutika umbo la mundu na kukwama kwenye mishipa myembamba. Maumivu ni hapo. Alielewa kiasi, lakini aliuona mkono wangu, hakuuona mfuko. "Tuutengeneze," akasema.

Mrija wa seti haufiki huko. Unaishia kwenye 22. Kwa hiyo tukaingia dukani.

Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu waya, na yamenigharimu. Waya wa kufungia nondo ni laini mno, kielelezo kikubwa kinalala chenyewe, na kwa chumvi ya hewa yetu unashika kutu ndani ya mwezi. Waya wa seng'enge unakataa kupindika. Alumini inakatika upesi. Kinachofaa ni waya wa umeme wa nyumba, shaba ya milimita za mraba 2.5 ya uzi mmoja, na usiuvue ganda lake. Kasoro yake ni kwamba ukipinda na kunyoosha sehemu moja mara nyingi shaba inakatika ndani ya ganda na huoni mpaka mnyororo ulegee hapo. Kwa hiyo fikiri kwanza, pinda mara moja. Nunua mita saba.

Kipimo chetu ni sentimita moja kwa angstromu moja, yaani sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Kutoka asidi amino moja hadi nyingine ni angstromu 3.8, kwa hiyo nilipiga alama kwa peni kila sentimita 3.8, nikachukua bomba la plastiki la kipenyo cha nje sentimita 4.2 hivi, lile wanaloliita la inchi moja na robo, nikauzungusha waya kulia, kila mzunguko ukipanda sentimita 5.4. Nikahesabu alama. Zilikuwa nne kwa mzunguko, si 3.6. Nilivunja nikarudia, zikawa nne tena. Ni binti yangu aliyeona: ile 3.8 ni umbali wa kunyooka kama ndege anavyoruka, lakini waya unazunguka kona, unasafiri njia ndefu zaidi. Tulipopima juu ya bomba lenyewe tukapata sentimita 4.3 kutoka alama hadi alama. Zingatia hilo mapema. Sisi tulipoteza mita mbili.

Sehemu kubwa ya beta ni heliksi, nane kwa jumla, zimepewa herufi A hadi H, na kati ya moja na nyingine kuna kona. Kuzipanga tulitazama kwenye kompyuta umbo lenye namba 4HHB katika ile hazina ya maumbo, ambalo ni hemoglobini ya mtu iliyoachia oksijeni, na 2HBS, ambayo ni ya selimundu. Hapo skrini ilifanya kazi yake sawasawa: yeye anazungusha picha na kuniambia pinda huku, mimi napinda. Mahali heliksi mbili zinapogusana tumefunga kwa uzi wa nyavu, maana shaba peke yake haibebi uzito. Matawi ni vizibo. Vya maji vinatupa buluu na vyeupe, vya soda vinatupa vyekundu. Njano ndiyo adimu, na njano ndiyo inayotakiwa sana, kwa hiyo tumepaka rangi vyeupe vilivyozidi. Gharama yote mpaka sasa haijafika elfu ishirini na tano.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya viwili hivyo nichague kipi, nitasema kwa somo la kwanza chukua seti. Ni safi, ni ya haraka, vipande vyake vina umbo halisi la matawi, na dakika arobaini zinatosha. Waya na vizibo ni kazi ya likizo, ya watu wawili wasio na haraka. Seti mbili kwa darasa la watu arobaini ndiyo idadi ya chini. Moja ni tabu. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji kama anauza mrija wa sponji peke yake, kwa sababu huo ndio utakaochoka kwanza, vipande vya plastiki vitakuzika.

Jumapili iliyopita tulifika kwenye heliksi F. Tukafunga kizibo cha 85, njano, halafu cha 88, njano, na kweli kati yao pamekuwa na kishimo. Binti yangu akachukua kizibo cha njano mkononi akakisogeza. Kikakaa. Kisha akachukua chekundu, akakisogeza palepale, nacho kikakaa.

"Baba, mbona chekundu nacho kinaingia?"

Ni kasoro ileile ya mrija, kielelezo chetu hakikatai. Vizibo vyote ni saizi moja, na plastiki haijui maji wala mafuta. Nikamwambia alete glasi ya maji na chupa ya mafuta ya kupikia. Akaenda jikoni.